Ndege Nao Wana Skuli Yao

Alfajiri hapa Kizimkazi, iwe Dimbani au Mkunguni, sauti za ndege ni nyingi. Jogoo anawika uani. Njiwa analia juu ya mnazi. Shore wanapiga kelele kwenye mpapai, na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama ndoana, anaimba huku akifyonza maua. Wengi wetu tumezoea kusema kuwa kila ndege huzaliwa na sauti yake. Kwa baadhi ya ndege maneno hayo ni kweli. Kwa wengine si kweli hata kidogo. Chozi na shore hawazaliwi na nyimbo zao. Hufundishwa na wakubwa wao, kama sisi tulivyofundishwa kusema na wazee wetu.

Katika somo hili tutaeleza mambo manne:

(a) Ndege gani hurithi sauti, na ndege gani hujifunza.
(b) Wataalamu walilijuaje jambo hili.
(c) Kinda hujifunzaje, na kwa nani.
(d) Mwalimu akikosekana hutokea nini, na sisi tufanye nini.

Kama mnasoma kwa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho yapo maswali ya kujadiliana.

1. SAUTI YA KURITHI NA SAUTI YA KUJIFUNZA

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Mara nyingi tunamlaza kuku juu ya mayai ya bata. Watoto wakianguliwa humfuata kuku kutwa, na sauti wanayoisikia ni ya kuku tu. Lakini wakikua wanalia kibata. Hakuna hata mmoja atakayewika. Kwa hiyo sauti ya bata imo ndani ya damu yake, haihitaji mwalimu.

Kuku naye ni hivyo hivyo. Wataalamu waliwahi kulea vifaranga wa kuku wasiosikia kabisa. Majogoo wale walipokua, waliwika kama majogoo wengine. Njiwa yumo katika kundi hili, na dudumizi anayelia siku za mvua yumo pia. Hawa ni ndege wa sauti ya kurithi.

Kundi la pili ni la ndege wanaojifunza. Humo wamo kasuku, wamo ndege fulani wadogo wa bara la Amerika wanaofyonza maua huku wakielea hewani, na limo kundi kubwa linaloitwa ndege waimbaji. Karibu nusu ya aina zote za ndege duniani ni ndege waimbaji. Chozi, shore na mnana ni katika hao. Na kunguru pia ni wa ukoo huo, ingawa sauti yake haitufurahishi!

Sisi binadamu tumo katika kundi la pili. Wanyama wenzetu ni wachache. Pomboo wa hapa kwetu, ambao wageni huja kuwatazama, ni mmoja wao: kila pomboo ana mluzi wake wa kujitambulisha, na mtoto huutunga mluzi wake kwa kusikiliza miluzi iliyomzunguka. Tembo naye huweza kujifunza. Mwaka 2005 wataalamu walieleza habari za tembo mmoja wa Tsavo, nchini Kenya, aliyeiga mngurumo wa malori ya barabara ya Nairobi na Mombasa.

2. WATAALAMU WALIJUAJE?

Katika miaka ya 1950, William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alichukua makinda ya ndege mdogo wa Ulaya, akayalea mahali ambapo hayakuweza kumsikia mkubwa hata mmoja. Yalipokua yaliimba, lakini wimbo wenyewe ulikuwa na kasoro. Urefu wake ulikuwa karibu sawa na wa kawaida, ila haukugawanyika vizuri katika sehemu zake, na lile pambo la mwisho halikuwamo. Ulikuwa kama maneno ya mtu anayebwabwaja usingizini.

Thorpe alitumia chombo kinachochora sauti kwenye karatasi. Sauti nyembamba huchorwa juu, sauti nene huchorwa chini, na karatasi huonesha sauti ilidumu kwa muda gani. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunaifahamu faida ya jambo hili. Sauti ikishaandikwa haipotei. Inaweza kulinganishwa na nyingine, na watu hawabishani tena kwa kukumbuka tu.

Baadaye Peter Marler, aliyewahi kufanya kazi pamoja na Thorpe, alikwenda kuchunguza shomoro wa California, Marekani, wenye mistari myeupe kichwani. Aliwasikilizisha makinda nyimbo zilizorekodiwa, kila kundi kwa umri wake. Makinda yaliyosikia wimbo kati ya siku ya 10 na siku ya 50 hivi tangu kuzaliwa yaliushika. Waliousikia baada ya hapo hawakuushika. Tena, walipopigiwa wimbo wa ndege wa aina nyingine, hawakuufuata. Maana yake, kinda hazaliwi na wimbo, lakini huzaliwa na sikio linalojua kuchagua.

Mjapani Masakazu Konishi akaongeza jambo jingine mwaka 1965. Ndege aliyekwisha kumsikia mwalimu, lakini akaondolewa uwezo wa kusikia kabla hajaanza kuimba, hakuweza kuimba sawasawa. Kwa hiyo kumsikia mwalimu peke yake hakutoshi. Lazima mwanafunzi ajisikie na mwenyewe, apate kujua wapi amekosea.

Basi mambo yakaonekana yamekwisha. Kumbe bado. Mwaka 1984 Luis Baptista na Lewis Petrinovich walijaribu tena kwa shomoro wale wale. Safari hii hawakutumia nyimbo za kurekodi, walimweka mwalimu mzima, yaani ndege hai, karibu na mwanafunzi. Makinda yaliyopita siku 50 yakajifunza! Hata wimbo wa ndege wa aina nyingine yaliweza kuushika. Jambo hili lina funzo kwetu. Redio ni msaada mkubwa katika masomo, lakini mwalimu aliye mbele yako, anayekuona na kukujibu, ana nguvu zaidi.

3. HATUA NNE ZA MASOMO YA KINDA

Hatua ya kwanza: Kusikiliza. Kinda yumo kiotani, au ndiyo kwanza ametoka. Haimbi. Analilia chakula tu, na kilio hicho cha njaa hakufundishwa. Wakati huo huo anasikiliza wimbo wa wakubwa na kuuweka akilini.

Hatua ya pili: Kubwabwaja. Kinda anaanza kuimba kwa sauti ndogo, peke yake, kama anayenong'ona. Hakuna mpangilio. Ni kama mtoto mchanga anayesema "ba-ba-ba, da-da-da". Ukimwona ndege mchanga ametulia kichakani anajiimbia chini chini, usidhani anaumwa. Yuko darasani.

Hatua ya tatu: Kujaribu na kusahihisha. Sasa sehemu za wimbo wa mwalimu zinaanza kusikika, lakini leo anaimba hivi, kesho vile. Anaweka kipande, anakitoa, anakirudia. Analinganisha anachokiimba na ule wimbo aliouhifadhi akilini. Hatua hii huchukua wiki nyingi, na kwa ndege wengine miezi.

Hatua ya nne: Wimbo kukamilika. Wimbo unatulia. Kwa ndege wengi, ukishatulia haubadiliki tena mpaka kufa. Wako wengine, hasa kasuku, wanaoendelea kujifunza sauti mpya ukubwani. Kwa hiyo hata miongoni mwa ndege wako wanakisomo cha watu wazima.

Hatua hizi si ngeni kwetu. Mtoto chuoni husikiliza kwanza sauti ya mwalimu, kisha huirudia kwa kukosea, mwalimu humrekebisha, na mwisho husoma bila ya kusitasita. Hakuna aliyeruka hatua.

4. NANI MWALIMU?

Kwa ndege wengine mwalimu ni baba. Kuna ndege mdogo wa Australia anayefugwa sana na wataalamu kwa sababu hiyo: mtoto wa kiume hujifunza kwa baba yake, au kwa dume jingine linalomlea. Mwaka 2016 watafiti walieleza kuwa dume hubadilisha uimbaji wake akiwa mbele ya kinda. Huweka nafasi kubwa zaidi kati ya wimbo na wimbo, na hurudia mara nyingi zaidi zile sauti za kuanzia. Na makinda yaliyomsikiliza kwa makini ndiyo yaliyojifunza vizuri. Hivyo hivyo ndivyo mama anavyosema taratibu na mwanawe.

Kwa ndege wengine mwalimu ni jirani. Kinda akishatoka kiotani na kwenda kutafuta mahali pake, husikiliza madume ya pale alipohamia.

Na mama je? Uko ushahidi kuwa jike asiyeimba naye hufundisha. Kwa ndege mmoja wa Amerika ya Kaskazini, kijana wa kiume huimba mbele ya majike. Jike akipendezwa hupiga bawa mara moja, upesi sana. Kijana akiliona bawa lile, huurudia wimbo ule ule na kuacha mingine. Tena tusidhani kuwa waimbaji ni madume tu. Katika nchi zetu za joto majike wengi huimba. Yuko ndege wa vichakani, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, wako wanaomwita tiva. Dume na jike hupokezana sauti kwa upesi hata msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Thorpe naye alikuja Afrika Mashariki kuchunguza ndege wanaoimba kwa kupokezana namna hii.

Tutoe mfano mmoja wa ajabu. Bara, na katika nchi nyingi za Afrika, kuna ndege mdogo ambaye dume lake huwa jeusi wakati wa kuzaa. Jike wake hajengi kiota. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine mdogo mwekundu anayeokota mbegu karibu na nyumba. Kinda hulelewa na watu baki, na akikua huimba pamoja na nyimbo zake nyimbo za walezi wake. Jike aliyelelewa na walezi wa namna ile ile huzitambua na kumfuata. Mwaka 2000 Robert Payne na wenzake walieleza kuwa waliwaweka makinda hao kwa walezi wa aina nyingine kabisa, ndege wa kufugwa kutoka Asia. Madume yakaimba nyimbo za walezi wale wapya. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapa tunaiona methali hiyo kwa ndege.

5. NDEGE NAO WANA LAHAJA

Mtu wa Makunduchi akisema Kikae, mtu wa Mjini hujua mara moja kuwa huyu ametoka kusini. Mtumbatu naye ana namna yake. Kiswahili ni kimoja, lakini kila mahali watoto huchukua maneno na lafudhi ya wakubwa wa pale.

Ndege wanaojifunza nao wako hivyo. Kule California, Marler alikuta kuwa shomoro wa aina moja huimba namna moja hapa, na mwendo mfupi tu kutoka hapo huimba namna nyingine. Aliyezoea kuwasikiliza huweza kujua ndege ametoka wapi.

Mfano wa nyumbani ni wa chozi. Katika milima mirefu ya Tanzania Bara, kama Usambara, Uluguru na Udzungwa, wanaishi machozi wa ukoo mmoja ambao hawashuki mabondeni. Kila mlima kwao ni kama kisiwa. Jay McEntee, Rauri Bowie na wenzao, akiwemo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walirekodi nyimbo zao mlima kwa mlima, na mwaka 2021 wakatoa matokeo. Walikuta makundi yaliyotengana kwa miaka laki kadhaa ambayo bado yanaimba karibu sawa. Makundi mengine nyimbo zao zimetofautiana sana.

Tulitafakari jambo hili. Chozi haishi miaka mingi. Wimbo haukuandikwa popote. Umetoka mdomoni mwa mkubwa ukaingia sikioni mwa kinda, kinda akawa mkubwa naye akamfundisha mwingine, na mnyororo ule haukukatika kwa miaka laki na laki. Hiyo ni amana iliyotunzwa.

6. MWALIMU AKIKOSEKANA

Mnyororo huo unaweza kukatika. Kusini-mashariki mwa Australia kuna ndege mweusi na manjano anayekula asali ya maua. Zamani walikuwa makundi makubwa. Misitu ilipokatwa wakapungua, hata wakabaki mia chache tu waliotawanyika katika eneo kubwa sana. Mwaka 2021 Ross Crates na wenzake walieleza walichokisikia. Katika kila madume 100, kama 12 hivi hayakujua kabisa wimbo wa ukoo wao. Yaliimba nyimbo za ndege wengine, kwa sababu hao ndio waliokuwa karibu nayo yalipokuwa machanga. Na dume linaloimba wimbo wa kigeni hupata jike kwa shida. Basi upungufu ukaleta ujinga, na ujinga ukazidisha upungufu.

Dawa waliyoitumia ilikuwa ni mwalimu. Katika bustani ya wanyama ya Taronga, mjini Sydney, waliwaweka madume waliotoka porini karibu na makinda waliozaliwa humo, ili wawafundishe kabla ya kufunguliwa.

Na hapa kwetu? Ndege wetu wanakutana na maadui watatu.

Wa kwanza ni kunguru mwenye shingo ya kijivu. Huyu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ati ale taka za mji. Alikula taka, na mayai na makinda ya ndege wengine akala. Miaka ya 1990 ilifanyika kazi kubwa ya kuwapunguza hapa Zanzibar, lakini juhudi zilipolegea wakaongezeka tena. Kunguru akila makinda, mwalimu anabaki bila ya wanafunzi.

Wa pili ni ulimbo na tundu. Dume linaloimba vizuri ndilo linalotafutwa na mtegaji. Lakini dume hilo ndilo mwalimu. Ukimtia tunduni, umeifunga skuli.

Wa tatu ni mkono wa mtoto. Mtoto akimtoa kinda kiotani ili amfuge, hata akimlisha vizuri, anamkatisha masomo yale ya siku za mwanzo. Akija kumwachia, ndege huyo hajui wimbo wa wenzake.

7. TUFANYE NINI?

(a) Tuzike au tufukie matumbo ya samaki pale dikoni, na taka za jikoni tuzifunike. Kunguru hukaa penye chakula. Matumbo yaliyozikwa shambani ni mbolea. Wenye mikahawa na hoteli za wageni nao waambiwe hivyo hivyo.

(b) Tusikate vichaka vyote kando ya nyumba na mashamba. Chozi na tiva hujenga humo.

(c) Tuwakataze watoto kutoa makinda viotani na kupiga ndege kwa manati. Lakini tusiwakataze kwa ukali tu. Tuwaoneshe kinda anayebwabwaja, tuwaeleze kuwa naye anasoma kama wao. Mtoto aliyeelewa hakatazwi mara mbili.

(d) Kila kikundi kichague mti mmoja. Kwa wiki nne, asubuhi, mwanakikundi mmoja aandike katika daftari: tarehe, saa, ndege aliyesikika, na kama wimbo wake umekamilika au bado anajaribu. Kazi hii haitaki fedha. Inataka kalamu, na sikio.

Ndugu wasomaji, kinda hana kitabu. Akimkosa mwalimu leo, hatakwenda maktaba kesho. Sisi tunaojua kuandika tuna njia mbili, ya mdomo na ya kalamu. Majina ya ndege, ya upepo, ya samaki na ya miti wanayoyajua wazee wa Kizimkazi mengi yapo midomoni tu. Tukawasikilize, na tuyaandike, wakingali wapo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kinda: ndege mchanga ambaye bado analelewa.
Kubwabwaja: kutoa sauti au maneno yasiyo na mpangilio.
Kurithi: kupata kitu kutoka kwa wazazi, hapa, kuzaliwa nacho bila ya kufundishwa.
Lahaja: namna ya kusema lugha moja inayohusu mahali fulani.
Ulimbo: utomvu unaonata wa kunasia ndege.
Amana: kitu ulichokabidhiwa ukitunze.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtoto wa bata aliyelelewa na kuku hawiki?
2. Taja hatua nne anazopitia kinda mpaka wimbo wake ukamilike.
3. Shomoro waliopita siku 50 hawakujifunza kwa nyimbo za kurekodi, lakini walijifunza kwa ndege hai. Sisi tunajifunza nini hapo kuhusu masomo yetu?
4. Ni ndege gani mliowasikia sana zamani hapa kijijini ambao sasa hamwasikii? Waulizeni wazee, muandike majibu yao.
5. Matumbo ya samaki ya dikoni kwetu hutupwa wapi? Nani ataanza kuyazika, na lini?